Orodha mbili hazilingani? Acha kukodoa macho, iachie simu kazi hiyo

Wadau, wengi wetu tunapokea bei za jumla kwa WhatsApp. Wangu hutuma kila Jumatatu, bidhaa 300 na ushee kwenye meseji moja ndefu, na hasemi kipi kimepanda. Ukae ulinganishe na ya wiki iliyopita kwa macho? Ukifika bidhaa ya 80 umeshachoka, unaanza kuona unachotegemea kuona. Kitu kimepanda 2,500 wewe unauza bei ya zamani, faida imekwenda, na mteja anakushukuru.

Kuna programu ndogo ya bure inaitwa diff. Kazi yake ni moja: unaipa mafaili mawili ya maandishi, inakuonyesha mistari inayotofautiana tu. Ilitoka na mfumo wa Unix toleo la 5 mwaka 1974, kutoka Bell Labs ya Marekani, kwa hiyo inatuzidi umri wengi humu. Kwenye Android unaipata ndani ya app ya Termux. Ile skrini nyeusi isikutishe, unaandika amri, unabonyeza enter, basi. Na ukishaiweka haili bando.

Kwanza andika termux-setup-storage, ukubali ruhusa, halafu:

cd storage/downloads

Sasa uko kwenye folda ya vitu ulivyodaunilodi. Kopi orodha ya zamani na mpya, kila moja kwenye faili lake la maandishi matupu (si Word, si Excel), kila bidhaa mstari wake. Majina ya mafaili yasiwe na nafasi. Kisha:

diff zamani.txt mpya.txt

Itakuletea kitu kama hiki:

2c2
< Chupa ya chai lita 2, 18500
---
> Chupa ya chai lita 2, 21000
5d4
< Sufuria seti ya 5, 42000

Alama ya < ni mstari wa faili la kwanza, > ni wa faili la pili. Herufi c maana yake mstari umebadilika, d umeondolewa, a umeongezwa. Hapo chupa imepanda na sufuria hazipo tena, ziondoe kwenye status yako kabla mtu hajalipia. Isipoandika chochote, usidhani imeharibika. Kimya maana yake mafaili yanafanana.

Kama msambazaji anapenda kuandika "chupa ya chai" leo na "Chupa ya  Chai" kesho, tumia diff -i -w. Hapo inapuuza herufi kubwa na ndogo pamoja na nafasi.

Hiyo ni ya bei. Lakini kwangu inayoniokoa zaidi ni ndugu yake, comm, kwa ajili ya oda na malipo. Hapa swali si "nini kimebadilika", swali ni "nani yuko huku na hayuko kule". Weka namba za simu za walioagiza kwenye oda.txt, za waliolipa kwenye malipo.txt. comm inataka orodha zilizopangwa, kwa hiyo unaanza na sort:

sort oda.txt > oda1.txt
sort malipo.txt > malipo1.txt
comm -23 oda1.txt malipo1.txt

Hao ni walioagiza bila kulipa, wakumbushe kwa upole. Sasa geuza:

comm -13 oda1.txt malipo1.txt

Hawa ndio wa kuangalia kwa makini. Wamelipa, ila kwenye oda zako hawapo. Labda aliagiza kwa meseji ya sauti na hukuandika, labda kalipa kwa simu ya shemeji yake. Yeye anajua hela imeingia, anasubiri mzigo. Wewe hujui kama yupo. Siku ya tatu anakuandika "tapeli" kwenye ukurasa wako mbele ya wateja wote, na huna hata cha kumjibu. Mimi amri hii ningesema ipigwe kila jioni kabla ya kufunga hesabu, oda ziwe 10 ziwe 100.

Utaona watu wanafundisha sort -u, ambayo inafuta namba zinazojirudia. Kwa kazi hii iache. Mteja akiagiza mara 2 na kulipa mara 1, comm ya kawaida itamtoa mara moja upande wa wasiolipa, sawa kabisa. Ukitumia -u anaonekana kamaliza deni. Na mteja anayelipa kidogo kidogo atatokea upande wa pili kama malipo ya ziada, usishtuke. comm hailinganishi kiasi, inalinganisha mstari na mstari. Kiasi bado unacheki mwenyewe.

Tatizo kubwa liko kwenye usafi wa orodha. Kompyuta haijui kwamba namba iliyoandikwa kwa 07 na ileile iliyoandikwa kwa 2557 ni ya mtu mmoja. Zigeuze zote zianze na 0, kwenye mafaili yote mawili, kabla ya sort:

sed -E 's/^\+?255/0/' malipo.txt > malipo_safi.txt

Na kama faili moja lilitoka kwenye kompyuta ya Windows, unaweza kuambiwa kila mstari ni tofauti wakati kwa macho zinafanana kabisa. Kuna alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Iondoe hivi:

tr -d '\r' < oda.txt > oda_safi.txt

Kuna tovuti za kulinganisha maandishi bure, unapesti tu. Kwa bei za sufuria sina neno. Kwa namba za wateja, hapana. Hujui zinabaki wapi, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Mteja alikupa namba umpelekee mzigo. Termux inafanyia kila kitu humo humo ndani ya simu yako.

Wenye laptop ya Windows, mnayo fc tayari: fungua cmd, andika fc zamani.txt mpya.txt. Iwe cmd, si PowerShell, maana kule fc ni amri nyingine kabisa. Itaonyesha pia mistari ya jirani inayofanana, kwa hiyo majibu yake ni marefu kidogo. Kwa bei inatosha. Kwa oda na malipo bado ningekwambia urudi kwenye simu.