Steroidi zikigoma, kirusi kitafutwe

Mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda amelazwa kwa kuharisha damu. Anadungwa steroidi kwenye mshipa, dawa ambayo kwa kawaida hutuliza uvimbe wa utumbo mpana ndani ya siku chache. Siku ya tatu inafika, damu bado inatoka na tumbo linasokota. Kabla ya kumwongezea dawa kali zaidi, daktari anapaswa kujiuliza: je, si kirusi?

Kirusi kinachoshukiwa zaidi ni sitomegalovirusi, au CMV, cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga. Katika nchi zetu wengi hukipata utotoni, kwa mate au maziwa ya mama, bila kuugua. Kikishaingia hakitoki. Hujificha mwilini maisha yote, kinga ikikidhibiti.

Shida huanzia hapo. Katika kolaitisi ya vidonda, kinga hushambulia utumbo wenyewe, hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuipunguza makali. Kinga ikilegea, CMV huamka na kuzaliana kwenye vidonda na kuta za mishipa midogo ya damu. Vidonda huchimbika zaidi, na utumbo unaweza hata kutoboka.

Kupima kingamwili za damu hakutoshi, kwa sababu watu wazima wengi wanazo tayari. Jibu liko kwenye kinyama kinachochukuliwa kwa kamera ndani ya kidonda. Chini ya hadubini, seli zilizoambukizwa huwa kubwa kupita kiasi, na kiini chake huonekana kama jicho la bundi. Rangi maalumu inayonasa protini za kirusi huthibitisha. Choo nacho kipimwe, maana amiba na bakteria huleta dalili zilezile.

Seli chache zenye kirusi si lazima ziwe ndizo chanzo cha ugonjwa. Zikiwa nyingi na steroidi zimeshindwa, mgonjwa hupewa gansikloviri kwa mshipa, kisha vidonge vya valgansikloviri, kwa jumla ya wiki mbili hadi tatu. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe, hivyo damu ipimwe mara kwa mara.

Ewe mgonjwa, usiache steroidi ghafla kwa uamuzi wako. Mwili uliozizoea unaweza kuzidiwa. Lakini ukiona siku zinapita bila nafuu, muulize daktari wako waziwazi kama kinyama kimepimwa CMV. Ni haki yako kuuliza, na kirusi hiki kina dawa.