Karoseri ya kamyo ya zamani: ribiti kwanza, haraka baadaye

Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Beni na Kisangani, kamyo hubeba mizigo na mara nyingi watu hupanda juu yake. Karoseri ikilegea njiani, hatari si kwa mali peke yake.

Kamyo nyingi za zamani zimefungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zenye kichwa. Fundi hukata kichwa kwa patasi, kisha husukuma pini nje bila kupanua tundu. Akishasugua kutu, hurudisha vipande vyote kwa bolti za muda na kupima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, karoseri haijapinda.

Hapo ndipo ribiti mpya huingia, moja moja. Zile kubwa hutiwa zikiwa nyekundu kwa moto: mtu mmoja anazuia kichwa kwa chuma kizito, mwenzake anagonga mkia kwa nyundo. Ribiti ikipoa hujikaza na kuvuta mabati pamoja.

Kuchomelea ni haraka zaidi, lakini joto linaweza kudhoofisha chuma pembeni ya mshono, ufa ukaanzia hapo.

Kabla ya safari, dereva anaweza kugonga ribiti kwa nyundo ndogo. Iliyokaza hulia wazi. Iliyolegea hutoa sauti butu.