Pre-Form One Dodoma: Piga Hesabu kwa Dakika, Si kwa Mwezi

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na kidato cha kwanza hufunguliwa Januari. Katikati ya hapo, matangazo ya "pre-form one", yaani kozi za kumwandaa mtoto kwa kidato cha kwanza, huzagaa Dodoma nzima. Mzazi ana sababu ya kuyasoma. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengi, na Januari atakutana na baiolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza.

Kabla ya kutoa hela, jua kwamba kozi hii si sharti. Nafasi ya sekondari ya serikali hutokana na matokeo ya mtihani, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, na shule nazo huwa na masomo ya awali ya kuwazoesha Kiingereza wanaoanza. Unapolipia kozi, basi, unanunua mazoezi ya kuongea. Kwa hiyo kipimo cha haki ni dakika ambazo mtoto wako mwenyewe anafungua kinywa na kurekebishwa.

Bei hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano. Toa zangu, weka zako. Nimechukulia kwamba nusu ya muda wa masomo watoto wanaongea kwa zamu. Nimechukulia pia kwamba mtoto hula shilingi 90,000 kwa mwezi akiwa kwenu, hela ambayo hutaitumia akienda kulala kwingine.

Darasa la kutwa. Ada 60,000, nauli 1,000 kwa siku kwa siku 22, chakula anabeba kutoka nyumbani. Jumla 82,000. Wanasoma saa 5, lakini wako 60 darasani, hivyo kila mmoja anapata dakika mbili na nusu kwa siku, yaani 55 kwa mwezi. Dakika moja inakugharimu shilingi 1,491.

Kambi ya bweni. Wanadai 200,000 pamoja na chakula. Ukitoa 90,000 unabaki na 110,000. Darasa ni lile lile la watoto 60, ila kwa siku 26, basi ni dakika 65. Dakika moja ni shilingi 1,692.

Kulala kwa mwalimu. Anadai 250,000. Ukitoa chakula, gharama halisi ni 160,000. Ana watoto 6 na anawafundisha saa 2 kwa siku, siku 26. Kila mtoto anaongea dakika 10 kwa siku, 260 kwa mwezi. Dakika moja ni shilingi 615, na hapo bado hatujahesabu maongezi ya mezani na ya jikoni.

Kumbe aliyetaja bei kubwa kuliko wote ndiye nafuu. Lakini unafuu huo unashikiliwa na idadi ya watoto. Mwalimu huyo huyo akipokea 15, dakika inapanda hadi 1,538 na darasa la kutwa limeshampita. Akipokea 20 inafika 2,051, ghali kuliko kambi. Kishawishi cha kuongeza ni kikubwa, maana kila anayeingia analeta ada kamili, na uji wake ni kuongeza maji tu sufuriani. Idadi ya juu iandikwe kwenye makubaliano, pamoja na utaratibu wa kurudishiwa hela ikizidi.

Kuna pia yasiyotajwa kwenye bei. Godoro, ndoo na chandarua vinatoka kwa nani? Septemba hadi Novemba Dodoma ni kavu. Maji yakikatika, dumu analipa mwenye nyumba au mnachangishwa? Mtoto akiugua usiku, nani anampeleka hospitali na kwa hela ya nani? Kuosha sahani yake na kufagia uwanja ni malezi. Kukaa dukani au kubeba mtoto wa mwenye nyumba ni kazi, na kazi hiyo inakula dakika ulizolipia.

Usalama hauna bei ya kulinganisha. Huyu ni mtoto wa miaka 13 au 14. Ona kwa macho yako chumba anacholala, mlango unafungwaje, choo kiko wapi, na watu wazima gani wengine wanaishi humo. Kwa binti, hakikisha kuna mwanamke mtu mzima anayelala nyumba hiyo kila siku. Mwulize mwenyekiti wa mtaa kama anamfahamu mwalimu huyo. Kisha, kabla ya kulipa, pita pale jioni bila taarifa. Ukikuta watoto wanaongea Kiswahili mbele ya mwalimu na hakuna anayewasahihisha, hapo unauziwa malazi tu.

Wakazi wa mjini wana njia nyingine ambayo haibandikwi popote. Wazazi watano wa mtaa mmoja, tuseme Nkuhungu au Kisasa, wanachanga 50,000 kila mmoja na kumwita mwalimu sebuleni kwa mmoja wao, saa 2 kwa siku, siku 22. Mwalimu anaondoka na 250,000 bila kupika wala kulaza mtu. Kila mtoto anaongea dakika 12 kwa siku, 264 kwa mwezi. Dakika moja ni shilingi 189.

Kwa hiyo, kama unaishi mjini, tafuta wazazi wenzako wanne kabla ya kutafuta godoro. Kulala kwa mwalimu kuna maana kwa mzazi wa kijijini, Bahi, Chamwino au Kondoa, ambaye jirani yake hakuna mwalimu wa kugawana. Huyo achague nyumba yenye watoto wachache, hata kama inadai zaidi.