Kitakasa mikono kunukia vizuri si dhamana ya usalama

Sisi watu wa Pwani twapenda kunukia. Udi chumbani, asumini kichwani, marashi nguoni. Basi corona ilipoingia nchini Machi 2020 na kila mlango wa duka ukawekwa chupa ya kitakasa mikono, wengi tulichagua kwa pua. Chenye harufu ya limau au lavenda kilionekana bora kuliko kile kinachonuka spiriti tupu. Mazoea hayo yamebaki hadi leo, ilhali kwa mtu mwenye mzio, harufu hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Kinachoua viini mkononi ni alkoholi. Fomula ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ina ethanoli asilimia 80, gliserini kidogo ya kulainisha ngozi, peroksidi ya hidrojeni kidogo zaidi, na maji safi. Manukato hayamo. WHO yenyewe inashauri yasitiwe, kwa sababu yanaweza kuleta mzio.

Tatizo ni kwamba neno moja, "parfum", likiandikwa kwenye chupa laweza kuficha kemikali kadhaa. Kuna limonini itokayo kwenye maganda ya limau na machungwa, linalooli ya lavenda, geranioli ya waridi, na eujenoli ya karafuu tunayoijua sote. Kwa hiyo kusema "ni vitu vya asili" si kinga. Tena limonini na linalooli zikikaa na hewa hubadilika, zikawa kali zaidi kwa ngozi. Chupa iliyoachwa wazi kwa miezi si sawa na ile iliyofunguliwa jana.

Je, maabara hujuaje kilichomo? Chombo kinachotumika sana ni kromatografia ya gesi. Tone la kitakasa mikono huchanganywa na kiyeyushi, likapashwa moto hadi likawa mvuke, kisha mvuke huo husukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba uliozungushwa kama koili, ambao urefu wake waweza kufika mita 30. Kila kemikali hutoka upande wa pili kwa wakati wake. Hapo chombo kingine huivunja vipande na kupima uzito wa kila kipande. Mpangilio wa vipande hivyo ni kama alama ya kidole: limonini haiwezi kujifanya eujenoli.

Kipimo hicho ni cha hali ya juu, na kina sababu. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya hutaka manukato yenye mzio yatajwe kwa majina yakizidi asilimia 0.001 katika kipodozi kisichosuuzwa. Hiyo ni gramu 1 tu ndani ya kilo 100. Kitakasa mikono nacho hakisuuzwi. Kinabaki mkononi, na mtu hukipaka mara nyingi kwa siku.

Chombo hicho hicho hufichua mengine. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vitakasa mikono vilivyokutwa na methanoli, alkoholi yenye sumu inayoweza kupofusha na hata kuua mtu akiinywa.

Sasa wewe na mimi hatuna maabara nyumbani. Tufanyeje? Kwanza, tafuta alama ya ubora ya KEBS, ukijua kwamba alama hiyo haiwezi kukuambia ngozi yako inakataa nini. Pili, chagua kisicho na manukato. Tatu, kama sabuni na maji vipo, nawa. Nne, usichanganye mambo: spiriti kuchoma kwenye mkono uliopasuka si lazima iwe mzio. Lakini muwasho, wekundu na malengelenge yanayorudi kila ukipaka, muone daktari wa ngozi. Yeye aweza kukubandika vipimo mgongoni kwa siku mbili na kujua hasa adui ni nani.

Muuguzi, mpishi wa hoteli na utingo wa matatu hula kwa mikono yao. Mikono ikiharibika, kazi imeharibika. Kwa hivyo wanaonunua vitakasa mikono kwa ajili ya shule, hospitali na ofisi zetu wasiulize bei pekee. Waulize pia ripoti ya maabara, na ndani yake watafute orodha ya manukato.