Bisie: Tarehe ikififia kwenye simu, habari inapotosha

Machi 13, 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi kwenye mgodi wa bati wa Bisie, wilayani Walikale, wakati waasi wa M23 walikuwa wakisonga mbele. Aprili 9 ikatangaza kwamba kazi itaanza tena hatua kwa hatua. Anayesoma habari ya kwanza bila kuona tarehe yake anaweza kuamini mgodi umefungwa hata leo.

Tarehe inaweza kuwepo, lakini imefifia hadi haisomeki juani. Chanzo mara nyingine ni CSS, lugha inayopanga rangi na sura za kurasa za intaneti tangu 1996.

Katika CSS, kisanduku kilicho ndani ya kingine hurithi rangi ya maandishi, kama mtoto kwa mzazi, na kinaweza kupewa rangi yake chenyewe. Kufifisha kwa amri ya "opacity" ni tofauti. Amri hiyo hairithiwi, bali kisanduku cha mzazi hufifishwa pamoja na vyote vilivyomo. Mzazi akipewa 0.5, tarehe iliyo ndani hufifia nusu, hata kama yenyewe imepewa 1.

Dawa ni kufifisha rangi ya nyuma peke yake, au kuitoa tarehe nje ya kisanduku hicho.

Kwa mfanyakazi anayeamua kurudi Walikale au kungoja, tarehe ina uzito sawa na kichwa cha habari.