Baada ya Upasuaji wa Titi, Tuitazame na Miguu

Saratani ya titi ndiyo inayowapata wanawake wa Kenya zaidi ya saratani nyingine; makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya 6,799. Mama anapofanyiwa upasuaji katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, kisha akarejea kwa jamaa zake mtaani Nyanchwa, macho ya wote nyumbani huelekea kwenye kidonda. Twaomba yaelekee na kwenye miguu.

Saratani yenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda. Upasuaji huongeza hatari hiyo, na kulala muda mrefu huipunguza kasi ya damu miguuni. Tembe za tamoksifeni, ambazo wagonjwa wengi hupewa, nazo huiongeza kidogo. Hata hivyo zisiachwe bila idhini ya daktari. Mwaka 1856 tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow alieleza jinsi donge la damu linavyokatika mshipani na kusafiri hadi mapafuni. Huko huweza kuua ghafla.

Dalili ni mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye shavu la mguu, kupata joto au kubadilika rangi. Hapa ndipo mapenzi yanapoweza kudhuru. Desturi yetu ni kumkanda mgonjwa kwa mafuta; lakini mguu wa namna hii usikandwe, kwani donge laweza kung'oka. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa na pumzi ghafla, akiumwa kifua au akikohoa damu, isingojwe hata saa moja.

Kinga huanza kitandani: mgonjwa ainuke na kutembea mapema kadiri daktari atakavyoruhusu, na anywe maji ya kutosha. Jamaa wa Mombasa wanaotamani kumleta Pwani wakumbuke kwamba safari ya basi kutoka Kisii hukaribia kilomita 800. Daktari aulizwe kwanza. Na njiani ateremke kila basi linaposimama, anyooshe miguu.

Wengine hupewa sindano za heparini. Yafaa tuseme wazi: heparini nyingi hutokana na utumbo wa nguruwe, na baadhi ya dada zetu huikataa kimyakimya. Kimya hicho ndicho cha hatari. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, na fiqhi huizingatia dharura. Mwenye shaka amwulize daktari kama fondaparinuksi, isiyotokana na mnyama, yapatikana na yamfaa. Na amwulize shekhe wake mapema, kabla ya siku ya upasuaji.

Kuugua ni mtihani, na kutafuta tiba ni wajibu wetu. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.