Marekani: Azusa, chuo kikuu cha wacha Mungu na bei ya michezo

Mwaka 1982, kijana mmoja wa Enugu, nchini Nigeria, aliingia katika chuo kikuu cha Azusa Pacific, karibu na Los Angeles. Christian Okoye alikuwa mrusha kisahani, na macho yake yalikuwa kwenye michezo ya Olimpiki ya 1984. Nigeria haikumchagua. Ndipo akajaribu futboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira mikononi na kugongana mabega, ambao hakuwa ameucheza hata siku moja.

Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ikamchukua. Msimu wa 1989 alikimbia na mpira yadi 1 480, zaidi ya mita 1 350, akawapita wote katika ligi ya NFL. Alikuwa na kilo karibu 118, na kumwangusha haikuwa kazi ya mtu mmoja. Wamarekani walimpa jina la Jinamizi la Nigeria.

Chuo kilichomlea si kikubwa. Kilianza mwaka 1899 kama shule ya kuwaandaa watumishi wa Kikristo, na hadi leo neno lake ni « Mungu kwanza ». Ibada ni sehemu ya ratiba ya wanafunzi, wanamichezo nao hawaachwi nje.

Mambo makubwa hapo yametoka kwenye riadha. Innocent Egbunike, Mnigeria mwingine, alipata medali ya shaba katika mbio za kupokezana huko Los Angeles 1984, kisha fedha katika mita 400 kwenye mashindano ya dunia ya Roma 1987. Davidson Ezinwa alirudi na fedha kutoka Barcelona 1992. Katika dekatloni, ambayo ni michezo kumi kwa siku mbili, Dave Johnson alipata shaba huko huko Barcelona. Bryan Clay alichukua fedha Athens 2004, halafu dhahabu Beijing 2008 kwa pointi 8 791. Vyuo vingi vyenye pesa mara kumi zaidi havina orodha kama hiyo.

Riadha haidai mengi: njia ya kukimbilia, shimo la mchanga, kocha mvumilivu. Futboli ya Kimarekani ni jambo lingine. Kofia ngumu, walinda mabega, madaktari, hoteli, na kikosi ambacho mara nyingi kinafikia watu 100. Katika daraja la pili la vyuo vikuu, timu nzima iliruhusiwa kugawana ufadhili kamili 36 tu. Basi wengi walilipa sehemu kubwa ya minervali wao wenyewe, na ndiyo maana vyuo vidogo vinashikilia mchezo huu: kila mchezaji ni mwanafunzi anayelipa.

Lakini hesabu hiyo inakubali tu kama wapinzani wako karibu. Azusa Pacific, iliyokuwa bingwa wa shirikisho la NAIA mwaka 1998, ilipanda baadaye hadi daraja la pili la NCAA. Huko jirani zake wakaanza kupungua. Humboldt State iliacha futboli mwaka 2018, na Azusa ikabaki peke yake katika daraja hilo California nzima. Kwa mechi za ligi ilibidi kupanda kaskazini hadi Oregon, Washington, hata Kanada kucheza na Simon Fraser. Gharama ya safari kama hizo, mtu wa Bukavu anayewaza kwenda kucheza Lubumbashi anaielewa bila kuelezwa.

Kisha ikaja Covid, na msimu wa 2020 haukuchezwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, chuo kikatangaza kwamba kinafunga futboli, iliyokuwa imeanza mwaka 1965. Riadha haikuguswa.

Vijana waliotaka kuendelea kucheza katika daraja lile lile walilazimika kutafuta chuo nje ya California, jimbo lenye watu wapatao milioni 39.